Chai nayo ni chakula: wanyama wa labo wanatufundisha nini juu ya damu yetu



Mama mmoja wa kikundi chetu, muuzaji wa sambaza na unga wa mihogo, alisikia kizunguzungu akiwa sokoni. Wenzake walimkalisha kwenye kivuli, wakamwambia aende kupima damu. Kesho yake aliamka kama kila siku, akawasha makala, akapika chai. Saa 12 na nusu alikunywa kikombe kimoja chenye vijiko vitatu vya sukari, akala mandazi mawili, akawaosha watoto, kiisha akashika njia. Saa 1 na nusu alikuwa tayari amefika kwenye labo moja ndogo ya mtaani. Wakamtoboa kidole. Sukari: 168. Wakamwambia, "Mama, uko na ugonjwa wa sukari." Hakuna aliyemuuliza kama amekula, wala amekula saa ngapi.

Alirudi nyumbani akilia. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika wiki ile, feza zote zikaenda kwa vidonge vya kushusha sukari. Akaacha bugali, akaacha ndizi, akawa anakula majani tu. Nyumbani maneno yakaanza: mkwe wake alisema ugonjwa huo umetoka kwa ukoo wake, bwana yake akanyamaza. Kiisha siku kumi mama akaanza kutetemeka, jasho baridi likimtoka, na siku moja akaanguka mlangoni akiwa amebeba maji.

Ndugu zake walimpeleka kwenye kituo kingine cha afya. Munganga aliangalia fishi yake, akauliza:

"Mama, asubuhi ile ya kipimo ulikula nini?"

"Sikukula kitu, munganga. Chai tu."

"Chai na sukari?"

"Ndiyo. Na mandazi mbili hivi."

Munganga akamsimamisha vidonge, akamwambia arudi Jumatatu asubuhi, tumbo tupu kabisa tangu usiku. Kipimo kikaonyesha 88. Siku tatu baadaye wakarudilia: 91. Hakuwa na ugonjwa wa sukari. Kizunguzungu kilitokana na upungufu wa damu. Akapewa dawa ya kuongeza damu, na leo anauza samaki wake kama zamani. Lakini feza za likelemba hazikurudi, na maneno yaliyosemwa nyumbani hayakurudi pia.

Tumeomba ruhusa yake tuandike habari hii, naye akakubali, mradi jina lake lisitajwe. Wengi wetu tungejibu kama yeye: "Sijakula, chai tu." Tunataka kueleza kwa nini labo inauliza umekula nini na saa ngapi. Na ili tuelewe vizuri, tutaanza na wanyama, maana ndio waliowafundisha wanganga mambo haya.

"Sijakula" maana yake nini?

Kwetu, mtu ambaye hajagusa bugali hajakula. Anaweza kuwa amekunywa chai, amekula mandazi, muhindi wa kuchoma, na parachichi la mtoto, bado atakuambia, "Tangu asubuhi sijakula." Sisi tunaelewana. Damu haielewi hivyo. Kwa damu, kijiko cha sukari ni chakula, na maji ya muwa ni chakula. Maziwa, fanta, pombe, na pipi unayonyonya ukiwa kwenye foleni ni chakula pia. Maji safi peke yake ndiyo hayahesabiwi.

Ukiisha kula, sukari inaingia katika damu na kupanda. Kwa mtu mzima mwenye afya hufika juu karibu saa moja baada ya kula, kiisha inashuka pole pole, na baada ya masaa mawili au matatu imekaribia kurudi mahali pake. Mafuta huchukua muda mrefu zaidi. Baada ya kula vyakula vyenye mafuta mengi, sehemu ya majimaji ya damu inaweza kuwa nyeupe kama maziwa, na weupe huo unasumbua mashine za labo hata katika vipimo ambavyo havihusu mafuta.

Kwa hiyo namba peke yake haisemi kitu. 168 saa moja baada ya chai tamu ni jambo moja. 168 baada ya kulala usiku mzima bila kula ni jambo lingine kabisa. Namba ni ile ile, lakini mgonjwa wa kwanza anaweza kuwa mzima, na wa pili ni lazima afuatwe na munganga.

Mbwa wa Paris

Zaidi ya miaka 170 iliyopita, huko Ufaransa, kulikuwa na mtaalamu anayeitwa Claude Bernard. Wakati ule wenye elimu waliamini kwamba mimea tu ndiyo inayotengeneza sukari, na kwamba mnyama hupata sukari kwa kula mimea. Bernard akawalisha mbwa nyama tupu, bila kitu chochote kitamu, na wengine akawanyima chakula. Alipopima damu inayotoka kwenye ini, akakuta sukari. Ilitoka wapi, ikiwa mbwa hakula sukari?

Mwaka 1855 alifanya jaribio ambalo kila mama anaweza kulielewa. Alichukua ini la mbwa, akapitisha maji ndani ya mishipa yake mpaka likawa safi, halina sukari tena hata kidogo. Akaliacha. Kesho yake akalipima: sukari ilikuwa imerudi. Ini lilikuwa limeitengeneza lenyewe kutokana na akiba iliyofichwa ndani yake. Mwaka 1857 aliweza kuitoa akiba hiyo, akaipa jina la glikojeni.

Ini basi ni kama ghala la unga nyumbani. Tukila, linajaza ghala. Tukilala, linatoa kidogo kidogo, ili ubongo na moyo visikose chakula usiku. Ndiyo sababu mtu mzima mwenye afya anaamka asubuhi na sukari iliyo sawa, hata kama alikula jana jioni. Kipimo cha asubuhi tumbo tupu kinaangalia kazi hiyo: je, ghala linafunguliwa na kufungwa kwa kipimo kinachofaa, au mlango umeachwa wazi na sukari inamwagika katika damu?

Jambo moja zaidi juu ya nyumba ya Bernard. Kwa desturi ya kwao, bibi ndiye aliyeleta mali kwenye ndoa, na mali ya bibi yake Fanny ilimsaidia kuendelea na kazi yake. Lakini Fanny hakuvumilia kuona mbwa wakipasuliwa wakiwa hai. Waligombana miaka mingi na mwishowe wakaachana, yeye na mabinti zake wakabaki kutunza mbwa wasio na kwao. Wapo watakaosema Fanny alikuwa na haki, na wapo watakaosema elimu ile imeokoa watu wengi. Maneno yote mawili ni ya kweli. Leo nchi nyingi zina sheria juu ya wanyama wa labo, na wataalamu wengi hufuata mafundisho ya Waingereza wawili, Russell na Burch, waliyoandika mwaka 1959: tumia njia isiyo na mnyama ikiwezekana, ukishindwa, tumia wanyama wachache, na upunguze maumivu yao.

Usiku mmoja wa panya

Siku hizi wanyama wengi wa labo ni panya, wadogo na wakubwa. Kwa miaka mingi watu wa labo waliwafanyia kama tunavyofanyiwa sisi: jioni wanaondoa chakula, asubuhi wanatoa damu. Ilionekana ni sawa, lakini kulikuwa na makosa mawili.

La kwanza: panya si mtu. Panya mdogo ana uzito wa gramu 25 hivi, na moyo wake unapiga mara 500 au zaidi kwa dakika. Anachoma chakula haraka sana. Akinyimwa chakula usiku mzima, anapoteza karibu sehemu 15 kwa mia ya uzito wake. Hesabu hiyo ukiiweka kwa mama wa kilo 60, ni kama kulala na kuamka umepungua kilo 9! Ghala la ini lake linakuwa tupu kabisa, sukari inashuka, mwili unaanza kuchoma mafuta, na katika damu inaingia asidi inayotokana na mafuta hayo, inayoitwa ketoni. Damu hiyo haionyeshi tena panya aliyepumzika. Inaonyesha panya mwenye njaa kali.

La pili: panya hula usiku. Mchana analala, giza likiingia anaamka, na sehemu kubwa ya chakula chake anakila gizani. Kumwondolea chakula jioni ni kama kumnyima mtu chakula tangu anapoamka mpaka saa ya kulala. Kwa sababu hiyo, wengi leo wanaondoa chakula asubuhi kwa masaa 5 au 6 tu, wakati panya mwenyewe amelala.

Kuna mambo mengine ambayo ukiyasikia utacheka. Panya hula mavi yake. Unaweza kuondoa chakula chote, ukidhani tumbo lake ni tupu, kumbe amekula kilichokuwa chini. Ndiyo maana wengine huwaweka juu ya sakafu ya waya, ili mavi yaanguke chini. Panya pia anaogopa. Ukimshika vibaya, baada ya dakika chache damu yake inajaa homoni ya hofu, na sukari inapanda. Watu wa labo wanaotaka kupima homoni hiyo wanajitahidi kumaliza kutoa damu ndani ya dakika tatu, kabla hofu haijaingia kwenye kipimo.

Na sisi je? Mama anayefika labo akikimbia, mzigo mgongoni, mtoto analia, akiogopa sindano, naye damu yake inabadilika. Ndiyo sababu ni vizuri kukaa na kupumzika kidogo kabla ya kutobolewa.

Saa iliyo ndani ya mwili

Mwaka 1972, huko Marekani, vikundi viwili vya wataalamu viligundua jambo lile lile, kila kimoja kwa njia yake. Moore na Eichler walikuwa kikundi kimoja, Stephan na Zucker cha pili. Katika ubongo wa panya, mahali mishipa ya macho miwili inapokutana, kuna kipande kidogo sana. Kikiharibiwa, panya hajui tena mchana na usiku. Anakunywa na kukimbia saa yoyote, na homoni zake hazipandi wala kushuka kwa mpango. Kipande hicho ndicho saa kubwa ya mwili. Sisi pia tunacho, na mwanga wa asubuhi ndio unaokirekebisha.

Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa zawadi ya Nobel kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Mnyama waliyemtumia ni inzi mdogo, yule anayezunguka ndizi zilizoiva.

Saa hii inabadilisha damu hata kama hujala kitu. Homoni inayotuamsha, kortizoli, kwetu inapanda asubuhi tunapoamka na kushuka jioni. Kwa panya ni kinyume: homoni ya namna hiyo inapanda jioni, anapokaribia kuanza siku yake. Madini ya chuma katika damu yetu kwa kawaida huwa juu asubuhi na chini jioni. Na sahani ile ile ya chakula, ikiliwa usiku, hupandisha sukari ya mtu zaidi kuliko ikiliwa asubuhi. Kwa hiyo munganga anapotaka kulinganisha kipimo cha mwezi huu na cha mwezi uliopita, anataka saa iwe ile ile. Kipimo cha asubuhi hakilinganishwi na cha jioni.

Kuna pia saa ndogo katika ini, na hiyo inasikiliza chakula kuliko mwanga. Mwaka 2000, wataalamu wa Geneva waliwapa panya chakula mchana tu. Saa ya ini ikageuka na kufuata chakula, lakini saa ya ubongo ikabaki na mwanga. Mnyama mmoja, saa mbili zinazogombana! Wamama wanaolinda wagonjwa usiku, wauguzi wa zamu, na mama mwenye mtoto mchanga asiyelala wanajua uchovu huo. Kama umefanya kazi usiku na umekula saa 8 za usiku, umwambie mtu wa labo. Asubuhi yako si asubuhi ya wengine.

Mwaka 2012, huko California, kikundi cha Satchidananda Panda kiliwapa panya chakula chenye mafuta mengi. Wengine walikula saa yoyote, wengine walipewa masaa 8 tu, wakati wa usiku wao. Walikula kiasi kile kile. Wale wa saa yoyote walinenepa na kuwa wagonjwa, wale wa masaa 8 walibaki vizuri zaidi. Tangu hapo watu wengi wa miji mikubwa wameanza kufunga masaa mengi ili wapungue. Lakini tukumbuke panya wale walikuwa na shibe ya kupita kiasi. Katika nyumba nyingi za kwetu tatizo si kula mara nyingi. Mama anapika mara moja, jioni, kwa sababu feza ya chakula inapatikana jioni baada ya soko. Hakuna anayeweza kumhukumu. Tunasema tu: kama kuna kidogo kilichobaki, uji au kiazi, kiwekee watoto asubuhi. Miili yao inaamka ikihitaji.

Mwenye mimba, na mtoto mdogo

Hapa ndipo habari za panya zinatugusa zaidi.

Mwaka 1969, Herrera, Knopp na Freinkel walilinganisha panya wenye mimba kubwa na panya wasio na mimba, wote wakinyimwa chakula. Kwa wenye mimba, sukari ilishuka zaidi na ketoni zikapanda zaidi. Watoto tumboni hawangojei. Wanaendelea kuvuta sukari kwa mama hata kama mama hajala, na ghala la mama linaisha haraka. Baadaye ilionekana kwamba mwanamke mwenye mimba naye yuko hivyo: akirusha chakula cha asubuhi tu, damu yake inaonyesha njaa mapema kuliko ya mwanamke mwingine.

Mtoto mdogo naye ana ghala dogo, na ubongo mkubwa kwa mwili wake. Mtoto mwenye utapiamlo mkali karibu hana ghala. Ndiyo maana wanganga wanaagiza alishwe kila masaa mawili au matatu, mchana na usiku. Mama anayeamshwa usiku kwenye kituo cha lishe asidhani anasumbuliwa bure. Mtoto wa namna hiyo anaweza kupotea alfajiri kwa sababu tu sukari imeisha. Vilevile mtoto mwenye malaria kali: sukari yake inaweza kushuka ghafula.

Alama ni hizi: jasho baridi, kutetemeka, kulegea, kusinzia bila sababu, mwili kupoa, degedege. Kama mtoto bado anaweza kumeza, mnyonyeshe, au mpe maji ya sukari: kijiko kidogo kimoja kilichojaa cha sukari katika vijiko vikubwa vitatu na nusu vya maji safi. Mfunike apate joto, na mara moja twende kituo cha afya. Mtoto asiyeweza kumeza asitiliwe kitu mdomoni kwa nguvu. Abebwe haraka.

Kwa hiyo, mama asimnyime mtoto mchanga ziwa ati kesho atapimwa damu. Kipimo cha malaria hakihitaji njaa hata kidogo. Uliza kwanza.

Juu ya kufunga na kuomba

Hatuwezi kuandika juu ya njaa na damu bila kugusa jambo hili, maana karibu kila wiki katika makanisa yetu kuna mafungo, mengine ya siku tatu bila maji. Sisi wenyewe tunafunga, na tunajua nguvu ya maombi. Lakini mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, mama mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia dawa, na mtoto, hao wasifunge chakula bila kuongea na munganga. Dawa ya kushusha sukari ikikuta tumbo tupu, inaangusha mtu, kama ilivyomwangusha mwenzetu wa sambaza. Dada zetu Waislamu wanajua kwamba mgonjwa amepewa ruhusa ya kutofunga Ramadani, na wanazuoni wao humruhusu pia mwenye mimba na anayenyonyesha anapoogopa madhara. Tuwaombe wachungaji na wamama wa maombi walitangaze hili bila aibu. Mtu anaweza kufunga maneno, kufunga hasira, kufunga safari za bure, na Mungu akamsikia.

Na dende zetu je?

Wengi wetu tunafuga simbilisi, tunaowaita dende, na sungura. Hao nao huko ng'ambo ni wanyama wa labo, na waliyofundisha yanatufaa bandani.

Dende mwenye mimba kubwa, hasa aliyenona, asinyimwe majani hata siku moja. Akikosa chakula, mwili wake unachoma mafuta kwa wingi, ketoni zinajaa, ini linachoka, naye anaweza kufa pamoja na watoto wake. Mara nyingi tunasema ni ugonjwa umeingia bandani, kumbe alikaa siku nzima ndani ya kikapu akipelekwa sokoni bila majani. Mimba yake ni ndefu, miezi miwili na zaidi kidogo, kwa hiyo hasara ni kubwa. Usimsafirishe akiwa karibu kuzaa. Kama ni lazima, weka majani ndani ya kikapu. Sungura naye tumbo lake lisisimame kufanya kazi. Na ukimwona akila vinyesi vyake laini, usimfukuze, maana ndivyo anavyopata nguvu iliyobaki katika chakula.

Kabla ya kwenda labo

Tuweke haya kichwani:

1. Uliza mapema: "Kipimo hiki ni cha tumbo tupu?" Malaria, hemoglobini, kundi la damu na virusi vya ukimwi havihitaji tumbo tupu. Sukari ya asubuhi inahitaji, na mafuta ya damu mara nyingi pia.

2. Tumbo tupu maana yake ni angalau masaa 8 bila kitu chochote, ila maji. Kula jioni kama kawaida, lala, uende asubuhi mapema. Usikae na njaa siku nzima ukidhani kipimo kitakuwa kizuri zaidi. Njaa ndefu nayo inaharibu kipimo.

3. Chai, maziwa, juisi, pipi na pombe vinahesabiwa. Kama umesahau ukakunywa, sema. Si kosa la kuonea haya. Mwambie mtu wa labo ni kitu gani na ni saa ngapi, aandike kwenye fishi.

4. Fika ukiwa umepumzika. Weka mzigo chini, kaa kidogo.

5. Kama unatumia dawa ya sukari, usifunge na usimeze dawa bila kumuuliza munganga afanyeje siku hiyo.

6. Damu ya kipimo cha sukari isikae mezani. Hata ndani ya chupa, chembe za damu ni hai na zinaendelea kula sukari, sehemu 5 mpaka 7 kwa mia kila saa. Kuna chupa maalumu yenye dawa ya kupunguza jambo hilo. Ukiona damu yako imeachwa mezani asubuhi nzima, una haki ya kuuliza.

7. Jua namba. Tumbo tupu, chini ya 110 ni kawaida. Kati ya 110 na 125 ni onyo la kufuatilia. 126 na zaidi ni ugonjwa wa sukari, lakini kwa mtu asiye na alama nyingine kipimo kinarudiliwa siku nyingine kabla ya kusema neno hilo. Mwenye mimba ana mpaka wake: kuanzia 92 tumbo tupu ni lazima munganga amfuate.

Na tusigeuze habari hii kuwa kimbilio. Mtu mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa mara nyingi usiku, anayekonda, na kipimo chake ni 200 au zaidi, huyo hata kama amekunywa chai asiseme, "Ni chai tu." Aende kutibiwa. Na mwenye ugonjwa uliothibitishwa asiache dawa zake kwa sababu ya maneno yaliyo hapa.

Mwenzetu wa sambaza sasa ndiye anayewafundisha wengine. Kila mama wa soko anayesema anaenda kupima, yeye anamshika mkono na kumuuliza kwanza, "Mama, umekula nini leo asubuhi?" Na yule akijibu, "Hata kitu, chai tu," anamkalisha chini, wanazungumza. Kwenye mkutano wa wiki ijayo, kila kikundi kiongee juu ya swali hilo, na kila mama alipeleke nyumbani kwake.